Kupanda Kinyumenyume

Katika orodha ya msafara, mke wa fundi aliandikwa mpishi. Aliwekwa mwisho kabisa, chini ya majerikeni ya maji na maturubai, na mwenyekiti wa chama cha wapenda magari ya porini aliisoma orodha yote kwa sauti pale kituo cha mafuta, asubuhi, akitia vema kwa kalamu kila alipotaja kitu.

"Kamba tatu, zipo. Fundi mmoja, yupo. Mpishi mmoja, yupo. Haya jamani, tumetimia!"

Mpishi mwenyewe alikuwa amesimama kando ya pikapu yao kuukuu, kashika birika, na moyoni alikuwa anacheka. Chai alijua kuipika, hilo halikuwa na ubishi. Lakini yale magari matano ya wanachama yaliyopangwa mstari mmoja, yakimeremeta kama yanakwenda harusini na si porini, aliyajua kuliko wenyewe walioyanunua. La mwenyekiti alilibadilisha breki mwezi uliopita. La daktari wa meno alilifumua injini na kuirudisha yote. La mhasibu lilivuja mafuta kwa mafundi wanne, likaja kukauka mikononi mwake. Hayo aliyajua yeye na mumewe tu, na ndivyo walivyotaka.

Siri yao ilikaa ndani ya mfuko wa suruali ya fundi, mfuko wa kulia. Miezi minane nyuma gia boksi ilichomoka kwenye jeki ikamwangukia mkononi. Kwa kuutazama tu, mkono ulipona. Vidole vitatu lakini viligoma kukunja ngumi, na fundi asiyeweza kubana spana hana tofauti na fundi cherehani asiyeliona tundu la sindano. Basi wakabuni mtindo wao. Mke aliingia chini ya gari, mume akaketi juu ya ndoo getini. Mteja akitokea, mume alikohoa mara mbili. Mke alichomoka upande wa pili, akajifuta haraka na kushika ufagio, na mume akajitupa chini ya gari na kuanza kugongagonga chochote kilichokuwa karibu. Hakuna aliyewahi kuwafuma.

"Iko siku utakohoa kwa mafua ya kweli," mke alizoea kumtania, "nifagie uwanja mchana kutwa bila sababu."

Siku hii hakukuwa na utani. Mwenyekiti alikuwa ametoa ahadi mbele ya wanachama wote: safari hii ikienda salama, magari ya chama yote yatahudumiwa kwenye gereji ya fundi mwaka mzima. Isipokwenda salama, kuna gereji kubwa yenye vigae na viyoyozi iliyokuwa ikiwawinda siku nyingi. Fundi na mkewe waliujua ukweli wao. Bila magari yale gereji ingefungwa, na fundi mwenye mkono mmoja angekwenda kuomba kazi kwa nani?

&nbsp;

Hadi saa tano kila kitu kilikwenda vizuri. Walipita msitu wa vichaka, wakavuka mto uliokuwa na maji ya vifundoni tu, wakasimama ng'ambo, kwenye kiwanja cha mchanga chini ya mlima. Hapo wakateremsha viti vya kukunja, na mke wa fundi akawasha jiko.

"Mama, hii ya kwangu haina sukari."

"Mama, sogea kidogo, unaingia kwenye picha."

Alisogea, akaongeza sukari, akakusanya vikombe. Mwenyekiti alikuja na buti zake zilizojaa tope, akaziweka mbele yake. "Mama, nifutie hizi. Mikono yako naona tayari imechafuka." Kisha akaiangalia ile mikono vizuri zaidi, zile kucha zenye mstari mweusi ambao sabuni haikuwahi kuushinda, akapaza sauti ili wote wasikie. "Hebu tazameni, mpishi mwenye kucha za gereji! Fundi, nyumbani kwako vyombo vinaoshwa kwa grisi?"

Watu wakacheka. Fundi naye akacheka, wa mwisho na kwa kicheko kidogo kuliko vyote, na kicheko hicho ndicho kilichomchoma mkewe. Alizifuta zile buti. Alizifuta hadi zikang'aa, kwa hasira.

Daktari wa meno peke yake hakucheka. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno, aliyeendesha gari lake mwenyewe. Aliichukua birika akajimiminia chai bila kumtuma mtu.

&nbsp;

Mlima wenyewe haukuwa mrefu, kama mita mia mbili hivi, lakini ulisimama hasa. Ulikuwa kokoto tupu, bila mti wala mwamba wa kufungia kamba, kushoto ukuta wa udongo na kulia korongo. Mwenyekiti alitangulia, kama kawaida yake. Gari lake lilikuwa na taa za ziada juu ya paa, bomba la kupumulia majini, winchi mbele, ile mashine ya waya ya kujivutia, na bendera.

Halikufika hata theluthi. Ulisikika mlio wa chuma, kisha mwingine mkubwa zaidi, kisha kitu kikawa kinajipigapiga chini ya gari kama nyundo ya kichaa. Injini ikanguruma bure. Gari likaanza kurudi nyuma, taratibu, kisha si taratibu tena, mwenyekiti kaikandamiza breki kwa miguu yote miwili, likaserereka hadi kule kiwanjani na kusimama karibu na maji.

Breki angalau zimeshika, aliwaza mke wa fundi, na hapo akagundua kuwa alikuwa tayari anakimbia.

Alilala kifudifudi kwenye mchanga akachungulia. Propela ya nyuma, ule mti wa chuma unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, ilikuwa inaning'inia kwa ncha moja, imepinda katikati. Ncha ya pili ilikuwa imeachia. Pale palipotakiwa kuwa na bolti nne palikuwa na matundu manne matupu, masafi. Bolti zikikatika huacha vipande. Hizi hazikukatika. Zilikuwa zimelegea zikafunguka, zikadondoka moja baada ya moja njiani.

Akakumbuka. Alhamisi.

Alhamisi alikuwa ameirudisha ile propela, ameshazitia bolti kwa vidole na anataka kuzikaza, ndipo kikohozi kikasikika getini. Mwenyekiti alikuja saa nzima kabla ya miadi. Yeye akatoka, mume akaingia, na mwenyekiti akasimama pale pale, miguuni pa fundi, akipiga soga. Alipoondoka na gari lake, mke aliuliza: "Zile bolti ulizikaza?" Mume akajibu: "Nilizikaza." Jicho lake lilikwepa pembeni, na mke aliliona. Hakuuliza mara ya pili. Kumuuliza mwanamume mara ya pili kama mkono wake umefanya kazi, mkono huo huo, aliona ni kumvua nguo. Akanyamaza kwa mapenzi, na mapenzi yenyewe ndiyo haya sasa yananing'inia chini ya gari.

"Matundu matupu," alisema mwenyekiti, ambaye naye alikuwa ameinama upande wa pili. Aliinuka. Sauti yake ilikuwa chini, na hiyo ilitisha kuliko kelele. "Fundi. Alhamisi ulilala chini ya gari hili mimi nimesimama. Nilikusikia unagonga. Ulikuwa unagonga nini?"

Mke wa fundi alipiga moyo konde.

"Mkubwa, kosa ni langu. Mimi ndiye niliye..."

"Nyamaza, mama watoto," alisema fundi.

Akautoa mkono mfukoni. Akauinua mbele yao, akajaribu kukunja ngumi, na vidole vitatu vikabaki vimesimama. Mhasibu aligeuza uso.

"Mkono huu, tangu ulipoumia, haujakaza hata nati ya baiskeli," alisema. "Magari yenu nyote, kwa miezi minane, anatengeneza huyu mliyemwandika mpishi. Mimi nakaa juu ya ndoo. Mnapokuja naingia chini ya gari nagonga hewa. Bolti hizi angezikaza yeye, zisingefunguka hadi mjukuu wako aliuze gari. Nilizikaza mimi kwa kushoto, wewe umenisimamia, nikaona haya kukuambia subiri. Mke wangu akaniuliza nikamdanganya. Basi. Asilaumiwe yeye."

Mke wa fundi alitaka kulia, alitaka kumpiga, alitaka kumkumbatia, yote kwa mara moja. Hakufanya lolote. Alimwangalia tu, akaona kwamba mumewe, kwa mara ya kwanza tangu ile ajali, amesimama wima.

"Kwa hiyo," mwenyekiti alisema polepole, "gari langu limeshikwashikwa na mwanamke miezi minane?"

"Na langu," alidakia daktari wa meno. "Na ni miezi minane sijalala njiani. Wewe mwenyewe uliisifu breki yako kwenye mkutano hadi tukasinzia."

Mhasibu akakohoa kuficha kicheko.

"Mimi sioni kichekesho," alisema mwenyekiti. "Mkataba haupo. Na gari hili likilala hapa, litalipwa."

Wakati huo ndipo mke wa fundi alipotazama kule mto unakotoka. Mbingu ya huko ilikuwa nyeusi tii, na maji, yaliyokuwa ya vifundoni walipovuka, yalikuwa yamebadilika rangi. Kipande cha mchanga alichokuwa amewekea jiko kilikuwa kimeshalowa.

"Mkubwa, kule juu mvua inanyesha," alisema. "Ya mkataba tutayaongea tukiwa juu ya mlima. Hapa patakuwa mto."

&nbsp;

Walijaribu kwanza kuvuta. Mhasibu alifunga kamba nyuma ya gari lake, akapanda, na kwa mita thelathini ilionekana itakuwa. Kisha kokoto zikaanza kukimbia chini ya magurudumu, magari yote mawili yakarudi nyuma, na la mhasibu likayumba kulia hadi gurudumu moja likakanyaga ukingo wa korongo. Alishuka uso umempauka kama jivu.

"Mimi nina watoto," alisema, akaifungua kamba mwenyewe. Hakuna aliyemlaumu.

Winchi nayo haikuwa na pa kushika. Waya wake ulikuwa wa mita ishirini na tano, na katika mita mia mbili zile hapakuwa na mahali ambapo gari jingine lingeweza kusimama na kulivuta. Magari mazima yakapandishwa moja moja yakasubiri juu. Daktari alipandisha lake, akarudi chini kwa miguu akihema, akapandisha na pikapu ya fundi. Kiwanjani likabaki gari la mwenyekiti, na maji yakawa yanalisogelea.

Mke wa fundi hakungoja kuulizwa. Alifunga kanga kiunoni, akatandika gunia, akaingia chini.

"Kumi na nne," alisema.

Spana namba kumi na nne ikaja, mkononi mwa mumewe, mkono wa kushoto.

"Nyundo. Si hiyo, ndogo."

Miaka kumi na miwili yeye ndiye aliyekuwa akimpa mumewe spana, na mtu akikupa spana miaka kumi na miwili bila kukosea namba, ujue keshajifunza unachokifanya. Daktari alimwinamia fundi akamuuliza kitu kuhusu propela. "Muulize mwenyewe," fundi alisema, "mimi leo nina zamu ya chai." Akacheka, na safari hii kilikuwa kicheko chake kamili.

Propela iliyopinda ikatoka. Mke wa fundi akaiburuta nje, akainuka, mgongo mzima mchanga. "Nguvu ya nyuma imekufa," alieleza. "Nimeiondoa ili isije ikatoboa kitu. Weka foo-wili, magurudumu ya mbele yatavuta yenyewe."

Mwenyekiti aliingia bila kumtazama, akaweka, akapiga mafuta. Gari lilipanda mita kumi na tano. Kisha magurudumu ya mbele yakaanza kuzunguka bure, yakirusha kokoto, pua ya gari imeelekea mbinguni, na likarudi tena chini. Akajaribu mara ya pili. Mara ya tatu alipiga usukani kwa ngumi.

"Haliwezi! Nguvu ya mbele peke yake haiwezi huu mlima!"

"Linaweza," alisema mke wa fundi. "Lakini kinyumenyume."

"Nini?"

"Gari likipanda, uzito wote unakimbilia nyuma. Mbele kunabaki kwepesi, magurudumu yanapapasa tu, na nguvu yetu leo iko huko huko mbele. Tuligeuze. Mbele kuwe chini, uzito uyakalie magurudumu yanayovuta. Tupande kwa rivasi."

Mwenyekiti alimtazama, akautazama mlima, akaitazama bendera yake. Kule juu wanachama walikuwa wamejipanga ukingoni, wanatazama.

"Gari langu mimi lipande mlima kwa makalio?"

"Kwa makalio litafika, mkubwa. Hapa litaondoka na mto."

Maji yalikuwa yameshagusa gurudumu moja. Mwenyekiti aliyatazama. Kisha akashuka, akauacha mlango wazi.

&nbsp;

Mke wa fundi akashika usukani. Kuligeuza kulichukua muda, mbele nusu, nyuma nusu, mchanga ukititia. Halafu akashusha kioo, akatoa kichwa na bega nje, akageukia nyuma na kuutazama mlima.

Kitu kimoja hakuna mwanachama aliyekijua. Gereji yao ilikuwa mwisho wa kichochoro chenye mteremko, chembamba, kisicho na pa kugeuzia hata toroli. Kila gari lililotengenezwa pale lilitoka kwa rivasi, likipanda, ukuta kulia na ukuta kushoto. Na tangu mkono wa mumewe uumie, aliyekuwa akiyatoa alfajiri kwenda kuyajaribu, kabla mtaa haujaamka, ni yeye. Mlima huu ulikuwa kichochoro chao, ila ukuta mmoja umebomoka ukawa korongo.

Fundi alitangulia kwa miguu, akitembea kinyumenyume, mikono yote miwili juu, akimwelekeza. "Njoo. Njoo. Kushoto kidogo. Njoo hivyo hivyo."

Gari lilipanda. Lilipanda polepole, likinung'unika, bila kurusha hata kokoto moja. Mwenyekiti alifuata pembeni kando ya ukuta wa udongo, akiteleza na kushika nyasi. Nusu ya mlima ikapita. Kule juu mtu alianza kupiga makofi, mwingine akamnyamazisha.

Theluthi ya mwisho ndiyo iliyowatoa jasho. Kokoto zikawa kubwa, gurudumu la mbele la upande wa korongo likaserereka, na gari likateleza kuelekea korongoni, kiasi cha shubiri mbili. Alikanyaga breki. Aliona chini maji ya rangi ya udongo, na aliogopa, aliogopa hasa, hadi masikio yakawa yanavuma.

"Usiangalie chini! Niangalie mimi!" fundi alipiga kelele. Alikuwa ameshaokota jiwe, kubwa, kalikumbatia kifuani kwa mikono miwili, ule mzima na ule mbovu. Alipita kati ya gari na ukuta, akapiga magoti, akalisukuma jiwe likakaa chini ya gurudumu la upande huo wa ukuta. Akalipiga teke likae sawa. "Haya. Limeshika. Achia breki, mama watoto. Mimi nipo."

Akaachia. Jiwe likashika. Akaongeza mafuta kidogo kidogo, kwa kidole gumba cha mguu, kama anavyoongeza pale kichochoroni akihofia kuwaamsha majirani. Gurudumu likapapasa, likauma, likapanda. Mumewe alikuwa ameshatangulia tena, mikono juu, anapayuka: "Njoo! Njoo! Njoo mke wangu, njoo!"

Na magurudumu ya nyuma yakagusa tambarare.

Kelele zilizopigwa pale juu zilisikika hadi ng'ambo. Mhasibu alikumbatia mtu wa kwanza aliyemkuta. Daktari wa meno, mwanamke mkavu wa maneno, alikuwa anapiga honi ya pikapu mfululizo kama mtoto. Mke wa fundi alishuka, akaketi chini pale pale kwenye vumbi. Mumewe akaketi kando yake. Walitazama chini, pale kiwanjani, ambapo sasa mto ulikuwa unapita kutoka ukingo hadi ukingo, umebeba viti viwili vya kukunja.

Mwenyekiti alifika wa mwisho, anahema, suruali imechanika goti. Naye alitazama chini, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaja akasimama mbele yao.

Mke wa fundi akainuka. Hakutaka kuongea naye akiwa amekaa.

"Mkubwa, propela ni juu yetu," alisema. "Kosa ni letu, tutaiweka mpya na hutadaiwa. Lakini na wewe ulitoa neno lako mbele ya watu hawa. Ulisema safari ikienda salama."

"Nilisema."

"Imekwendaje?"

Wanachama walikuwa wamesogea, wanasikiliza. Mwenyekiti alilitazama gari lake, limesimama tambarare, zima, bendera inapepea. Kidogo kidogo mabega yake yakashuka.

"Imekwenda salama," alisema. "Jumatatu nitalileta gereji."

"Jumatatu ipi? Jumatatu ni langu," alidakia daktari. "Nimeshamwambia."

Hakuwa amemwambia. Mke wa fundi alimtazama, wakaelewana. "Jumatatu nina gari la daktari," alisema. "Lako lilete Jumanne, mkubwa. Asubuhi."

"Jumanne," alisema mwenyekiti.

Mbele yao kulikuwa na miteremko miwili na kilima kimoja zaidi kabla ya barabara kubwa, na kila mtu alilijua hilo. Ufunguo ulikuwa bado unaning'inia pale kwenye usukani. Mwenyekiti aliuangalia, akamwangalia mke wa fundi. Kisha akazunguka gari lake kwa mbele, akafungua mlango wa abiria, akapanda, akafunga mkanda.

Mke wa fundi akapanda upande wa usukani. Akavuta kiti mbele kidogo, akarekebisha kioo hadi akaiona pikapu, mumewe ndani yake kando ya mwanachama mmoja aliyeshika usukani, na magari mengine yamejipanga nyuma yanasubiri. Akatia gia ya kwanza, akaondoka, na msafara wote ukamfuata.